Majibu Kutoka Puge

Uskochi,
14 Januari 1975

Mpendwa dada Batuli,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umeshahamia Puge na umepata nyumba isiyovuja. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, wasiwasi wangu ni juu yako na juu ya mguu wa mama. Je, anaweza kwenda kisimani mwenyewe? Nisalimie watu wote wa Kwihara utakapokwenda kumwona.

Baada ya salamu, dada, mambo si mazuri. Nimeanguka mtihani wa kwanza. Somo lenyewe ni la kuiandikia kompyuta maagizo kwa lugha iitwayo Lisp. Usidhani ni lugha ya kusemwa. Ni mabano matupu, bano ndani ya bano. Unaandika maagizo kwenye kadi, kadi zinatobolewa, unazipeleka dirishani, na kesho yake unarudishiwa karatasi inayosema umekosea. Bano moja likisahaulika siku nzima imekwenda. Wenzangu wanasema ukishaizoea utaipenda. Mimi sijaizoea na siipendi.

Kilichoniangusha ni kwamba lugha hii inataka uandike kanuni inayojiita yenyewe. Swali ni hili: una orodha ya vitu, hujui ni vingapi, na mashine inaweza kuona kile cha kwanza tu na kujua kwamba vingine vinafuata. Andika kanuni ya kuvihesabu. Nimelikalia swali hilo siku tisa. Nikaona nikuandikie wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya, na sote tunajua nani kati yetu ana kichwa cha hesabu.

Maswali haya ni mazoezi tu, ya kujiandaa. Lakini mwezi wa sita nisipofaulu wizara itanirudisha nyumbani, na sijui nitamtazamaje mama.

Mdogo wako,
Nassibu


Puge,
9 Februari 1975

Mdogo wangu Nassibu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta ya Nzega mpaka alipopatikana mtu wa kuileta. Mama hajambo, anatembea na fimbo, maji bado anachotewa na jirani yetu Kuluthumu. Anakusalimu na anauliza kama huko unapata ugali.

Mimi nami sijambo, ila nimechoka. Nimechoka tangu niliposhuka kwenye lori. Asubuhi nafundisha madarasa mawili katika chumba kimoja, mchana tunakwenda shamba la kijiji, na saa kumi naanza kisomo cha watu wazima, ambao nao wametoka shamba lilelile na wanasinzia kama mimi. Watu wameletwa hapa mwaka jana kutoka kila upande, nyumba nyingine hazijaezekwa, na wengi bado hawajajua jirani yao anaitwa nani. Nawe unaniletea mabano.

Nililisoma swali lako nikiwa kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Foleni ilizunguka ghala, mwisho wake sikuuona. Nikamuuliza mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, "Nyuma yako wapo wangapi?" Hakujua, akamuuliza wa nyuma yake, naye akamuuliza wa nyuma yake. Mwanamke wa mwisho hakuwa na wa kumuuliza, akasema hakuna. Aliyekuwa mbele yake akasema mmoja, wa mbele yake akasema wawili, jibu likaja hivyo hivyo mpaka kwangu. Hakuna mtu aliyeihesabu foleni. Kila mmoja aliuliza swali lilelile, akaongeza mmoja tu. Kanuni yako ndiyo hiyo. Orodha ikiwa tupu, jibu ni sifuri. Isipokuwa tupu, mwache wa kwanza, iulize orodha iliyobaki swali hilohilo, kisha ongeza moja.

Nadhani wewe ulimsahau mwanamke wa mwisho. Ulikuwa unasahau hivyo hivyo hata kwenye kugawanya.

Nina ombi. Mwoneshe mwalimu wako jibu hili, mwambie limetoka kwa nani, na umuulize kama mtu ambaye hajapata kuiona hiyo mashine anaweza kujifunza kazi hii. Siku ya usaili pale Tabora tuliitwa wawili kwa nafasi moja ya kwenda kusoma huko. Wewe ulikwenda, mimi nilikuwa hospitali ya Kitete, mama akipasuliwa mguu. Silalamiki, ilibidi mmoja wetu akae naye. Lakini nataka kujua kama ningeweza. Sitaki kingine.

Dada yako,
Batuli


Uskochi,
2 Machi 1975

Dada mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Nimefurahi kusikia mama anasimama. Mwambie ugali hakuna, kuna viazi, na nimevizoea kwa shida. Mimi ni mzima isipokuwa baridi imenikausha midomo.

Dada, karatasi ilirudi bila kosa hata moja. Niliishika mkononi nikaona aibu kucheka peke yangu barabarani. Nilikuwa nimemsahau mwanamke wa mwisho kweli, kama ulivyosema. Kanuni yangu ilikuwa inauliza na kuuliza mpaka mashine ikachoka.

Juu ya ombi lako, mwalimu wetu, Bwana Drummond, ana shughuli nyingi sana siku hizi. Nangoja nimpate akiwa ametulia.

Sasa limekuja kubwa zaidi. Lugha hii inakuruhusu kujitungia maneno mapya yasiyokuwemo. Mengine ni kanuni za kawaida, mengine yanaitwa makro. Swali linasema hivi: tengeneza neno jipya, liite ISIPOKUWA. Ukilipatia sharti na kazi, lifanye kazi hiyo pale tu sharti linapokuwa si kweli. Eleza kwa nini neno hilo haliwezi kuwa kanuni ya kawaida, na lazima liwe makro. Mimi nimeliandika kama kanuni, na kila mara kazi inafanyika, sharti liwe kweli au lisiwe. Nimesoma kitabu mpaka maneno yakawa yanaogelea. Kitabu kinasema kanuni hupokea thamani, makro hupokea maneno kama yalivyoandikwa. Nimekariri sentensi hiyo lakini haijaniingia.

Nisaidie dada. Nakuombea afya na nguvu za shamba.

Mdogo wako asiye na akili,
Nassibu


Puge,
30 Machi 1975

Nassibu,

Marahaba. Mama mzima. Mimi nipo.

Nimepata nusu ya jibu, nusu nyingine sina. Nusu niliyo nayo ni hii. Chukua mfano: isipokuwa mtoto amelala, piga ngoma. Kanuni ya kawaida, kwa jinsi unavyoieleza, inataka kila kilichomo ndani ya mabano kiwe kimeshatekelezwa kabla yenyewe haijaanza kazi. Basi inaulizia kama mtoto amelala, na inapiga ngoma, halafu ndipo inakaa kufikiri kama ngoma ipigwe. Mtoto ameshaamka. Ndiyo maana kazi yako inafanyika kila mara.

Hiyo makro inafanyaje ili ngoma ishikwe lakini isipigwe, sijui. Nimejaribu kuchora kwenye daftari la mwanafunzi, nikafuta, karatasi ikatoboka.

Wiki iliyopita tumezika mtoto wa Minza, mwanafunzi wangu wa kisomo. Aliitwa Limbu, umri miaka miwili, surua. Mume wake, Ngollo, anafanya kazi kwenye shamba la mkonge huko Tanga, hakuwapo. Juzi Minza amerudi darasani, akaketi mahali pake pa siku zote. Nilitaka kumwambia arudi nyumbani akapumzike, nikaona kwamba nyumbani ndiko asikotaka kuwa. Somo la siku hiyo lilikuwa kuandika barua. Niliandika mwanzo wa barua ubaoni, wakaanza kunakili, mvua ikaja, tukaishia hapo kwenye salamu.

Hujanijibu juu ya Bwana Drummond. Najua hujamuuliza. Nakukumbusha kwa upole, mara ijayo upole unaweza kuwa umekwisha.

Dada yako,
Batuli


Puge,
27 Aprili 1975

Nassibu,

Marahaba kama umenisalimu, maana barua yako nyingine haijafika na mimi naandika kabla yake. Mama mzima, mguu umeanza kushika.

Nusu ya pili nimeipata, na laiti nisingeipata kwa njia hii.

Nilikuambia kwamba niliandika salamu ubaoni. Nilichoandika ni hiki: "Mpendwa mume wangu," halafu mstari mtupu wa kuweka jina, kisha: "Mimi na watoto sote hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali." Wanafunzi wangu wengi waume zao wako mbali. Nilidhani nawasaidia. Minza alinakili kila neno, akaweka jina la Ngollo kwenye mstari, na mvua ilipoanza akaikunja karatasi akaondoka nayo. Alidhani barua ndiyo hiyo. Ilikuwa barua yake ya kwanza maishani kuandika kwa mkono wake. Akampa dereva wa lori la pamba akaitie posta.

Alhamisi majibu yalikuja, akaniletea nimsomee, kwa kuwa hati ya Ngollo inapinda. Ngollo anashukuru kwamba mkewe sasa anajua kuandika. Anasema amefurahi kusikia watoto wote hawajambo, hasa Limbu aliyemwacha anakohoa. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuja nyumbani, sasa kwa kuwa mambo ni mazuri ameiacha hiyo ruhusa na ameweka dole gumba kwenye mkataba wa miezi sita mingine.

Nilisoma mpaka mwisho kwa sababu sikujua mahali pa kusimama. Minza hakulia. Akasema, "Mwalimu, si wewe uliyesema barua inaanza hivyo?" Hakusema kwa kunilaumu. Aliuliza tu, kama wanavyouliza jibu la kujumlisha. Nikasema ndiyo, ni mimi.

Ukimuuliza Minza kwa mdomo, "Watoto hawajambo?" atakuambia ukweli, kwa sababu kabla ya kujibu atakwenda moyoni mwake kutazama. Hiyo ni kanuni ya kawaida, haisemi neno mpaka ijue thamani yake. Ubao wangu haukumuuliza. Ubao ulikuwa na maneno na nafasi tupu, ukachukua jina kama lilivyo, ukalipachika, ukatoa barua. Hakuna kilichotazamwa kama ni kweli. Maneno yalikwenda kutazamwa Tanga, na mtu mwingine, siku nyingine, na huko ndiko yalikofanya kazi yake. Makro ni huo ubao. Inapokea sharti na kazi vikiwa maneno tu, inavipanga ndani ya sentensi mpya yenye "kama" na "si kweli", kisha inaitoa sentensi hiyo isomwe. Ngoma ipo kwenye karatasi. Itapigwa au haitapigwa pale sentensi itakaposomwa, si kabla.

Siku hiyohiyo tuliandika barua nyingine. Nilimwambia aanze moja kwa moja na habari ya mtoto. Akakataa. Alisema bila salamu Ngollo ataona ametukanwa. Basi akaandika, pole pole, "Hatujambo sote," kisha chini yake, "Limbu alifariki." Nikaitazama, sikuwa na cha kusahihisha.

Nina hasira na nafsi yangu na nimechoka sana. Tafadhali zungumza na mwalimu wako.

Dada yako,
Batuli


Uskochi,
8 Juni 1975

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo dada. Mimi mzima sana leo, mzima kuliko siku zote tangu nifike. Pole kwa msiba wa yule mwanafunzi wako. Je, mama anaendeleaje?

Dada, nimefaulu. Nimefaulu vizuri. Wizara haina la kusema tena, nitaendelea mwaka wa pili. Na sikiliza: Bwana Drummond alisimama mbele ya darasa zima akasoma jibu la makro, lile la ubao na barua, lote kama nilivyolitafsiri. Alisema amefundisha miaka minane na hajapata kusikia mtu akilieleza hivyo. Wenzangu walipiga makofi. Yule mwanafunzi wa kutoka Ugiriki, ambaye hakuwahi kunisalimu, alikuja kunishika mkono.

Nilitamani ungekuwapo. Maswali yale yote yalihesabiwa kwenye alama za mwisho, nusu nzima ya alama, kwa hiyo mkono wako umo humo. Nisingefika bila wewe.

Nitakuletea kitambaa kizuri nikija. Niambie unapenda rangi gani.

Mdogo wako mwenye furaha,
Nassibu


Uskochi,
20 Julai 1975

Dada Batuli,

Shikamoo. Sijapata barua yako, nadhani posta imechelewa. Natumaini u mzima na mama ni mzima. Mimi sijambo.

Kama hujaandika kwa sababu ya shughuli, naelewa. Kama ni kwa sababu nyingine, naomba uniambie. Nimeisoma upya barua yangu kichwani na naona kuna mambo niliyasema vibaya. Maswali yale niliyaita mazoezi kwa sababu niliogopa ungekataa. Jina lako sikulitaja kwa sababu ilikuwa imeshapita wakati wa kulitaja, kila siku ikipita inakuwa vigumu zaidi. Wewe unanijua tangu mtoto, unajua mimi si mtu mbaya.

Sikuuza kitu chako, dada. Nilikiazima tu. Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako,
Nassibu


Uskochi,
24 Agosti 1975

Dada,

Shikamoo. Sitauliza kwa nini huandiki.

Bwana Drummond aliniita ofisini wiki mbili zilizopita. Chuo kinatoa kijitabu cha kufundishia na alitaka jibu la makro liingie humo, kwa jina langu. Alikuwa ameshalipigisha chapa. Aliniuliza tarehe na jina la kijiji, nikamjibu. Halafu akaniuliza, "Yule mama aliyeandika barua sasa yukoje?"

Nilikuwa nimemwambia kwamba lile darasa lilikuwa langu, kabla sijaja huku. Ningeweza kutunga kitu, na mdomo ulishafunguka. Lakini nikaona kwamba tangu Aprili nimeandika barua mbili na sikuwahi kukuuliza. Pole nilikupa, mstari mmoja, kisha nikahesabu makofi yangu. Nikaketi kwenye kiti chake bila kuambiwa niketi, nikamweleza yote. Usaili, Kitete, foleni ya unga, ubao. Nikampa barua zako na tafsiri niliyoifanya kwa haraka.

Matokeo yangu yamefutwa. Hawakunipigia kelele, jambo lililokuwa baya zaidi. Wizara imepewa taarifa na nitarudishwa. Nitafika Dar es Salaam katikati ya Septemba, nitapanda treni mpaka Tabora, na nitakuwa Kwihara kwa mama mpaka wizara iseme watanipeleka wapi. Nimechoka, dada, lakini si kuchoka kwako, najua. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Mdogo wako,
Nassibu


Puge,
12 Oktoba 1975

Kwa Nassibu, Kwihara

Marahaba. Nimesikia umefika salama na kwamba mama alikulisha mpaka ukalala umekaa. Nimefurahi upo naye. Kachote maji wewe sasa, Kuluthumu apumzike.

Kutoka hapa mpaka Kwihara si mbali na wikiendi moja ningeweza kupata lori. Sikuja kwa sababu bado nimekasirika, na sitaki kukasirika mbele ya mama. Wewe unafikiri nimekasirikia alama. Alama ungeniomba ningekupa, ungeniambia ukweli ningekaa nikakuandikia majibu ya maswali yote. Nilikuomba kitu kimoja tu, umwambie mtu kwamba nipo. Miezi minne ulikuwa unanijibu habari za viazi. Halafu ukasimama darasani watu wakapiga makofi kwa msiba wa mtu. Minza hakuniambia yale ili yasomwe Ulaya. Hilo kosa tumelifanya wawili, mimi nilikuandikia.

Hukuuliza, aliyeuliza ni mwalimu wako, lakini nakujibu wewe. Ngollo alikuja mwezi wa saba. Aliacha mkataba, akafika kwa miguu kutoka Nzega. Sasa wanalima pamoja. Mwezi wa nane Minza alifanya mtihani wa kisomo akafaulu kuandika, kwenye hesabu bado. Barua haandiki tena, anasema hana wa kumwandikia.

Bwana Drummond ameniandikia. Kwa Kiingereza, kurasa tatu, jina langu limeandikwa juu kwa mashine ya chapa. Anasema ombi langu limemfikia likiwa limechelewa miezi sita na jibu lake ni ndiyo, inawezekana, na kwamba hadhani bali ameona. Juu ya nafasi ya kusoma hakusema neno lolote, wala sikutegemea. Mimi nina miaka thelathini na minne na madarasa mawili katika chumba kimoja. Niliisoma barua ile nimesimama, halafu nikaenda shamba la kijiji kwa kuwa zamu ilikuwa yetu, na nililima vibaya siku ile, mpaka kiongozi wa kundi akauliza kama naumwa.

Ndani ya bahasha alitia karatasi ya maswali kumi mapya. Hakusema ya nini. Anasema nimpelekee majibu nitakapopenda, hata yakichukua mwaka.

Nimefanya matatu. La kwanza lilikuwa rahisi, la pili nililifanya mara mbili, la tatu nina hakika nalo kiasi. Nayafanya saa ya mapumziko, watoto wakiwa nje, kwenye daftari nililolinunua mwenyewe, na juu ya kila ukurasa nimeandika jina langu kamili, Batuli binti Twalibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikitazama jina hilo nachoka kidogo kuliko zamani.

Shule ikifungwa mwezi wa kumi na mbili nitakuja Kwihara. Usinitayarishie maneno. La nne limenishinda wiki nzima, makro ndani ya makro, na najua wewe ulilifundishwa darasani.

Usinisaidie.

Dada yako,
Batuli